Kubuni programu ya simu inayojua kumwachia mtumiaji nafasi: hatua kwa hatua

Maswali ya wabunifu wapya ni yale yale. Nitume arifa ngapi kwa siku? Nisipoweka mfululizo wa siku, ile hesabu ya siku ambazo mtu hajakosa hata moja, watu watarudi vipi? Nikishaweka mandhari ya giza, si nimemaliza habari ya afya? Na lipo la nne, ambalo huulizwa kwa sauti ya chini: nikimpunguzia mtu muda wa kukaa kwenye programu yangu, si naiua kazi yangu mwenyewe?

Mwongozo huu unayajibu kwa vitendo. Ni wako wewe unayebuni au kuandika programu ya simu, uwe peke yako au na wenzako watatu wanne. Lengo ni programu ambayo mtu anaifungua akiwa na jambo, analimaliza, anaifunga, na kesho haoni uzito kuifungua tena.

Mfano wetu tangu mwanzo hadi mwisho ni programu ndogo ya matembezi. Ina lengo la wiki, kikumbusho, ukurasa wa marafiki na chati ya maendeleo. Tumechagua programu ya afya makusudi. Kwa kuwa nia yake ni njema, ni rahisi kuacha kuikagua, na ndiyo maana makosa mengi ya hapa chini huota humo.

Nadharia unayohitaji ni kidogo. Mwaka 1971 Herbert Simon, mwanauchumi wa Marekani, alieleza kwamba taarifa zikizidi, kinachopungua ni umakini wa anayezipokea. Mwaka 1995 Mark Weiser na John Seely Brown wa maabara ya Xerox PARC waliandika kuhusu teknolojia tulivu, ile inayokaa pembeni mwa fikra za mtu na kusogea mbele pale tu inapohitajika. Basi kila mlio, kila mtetemo na kila nukta nyekundu ni kitu unachomchukulia mtu. Ukichukua, uwe na sababu unayoweza kumweleza ana kwa ana.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Daftari na kalamu. Hatua tatu za kwanza hazihitaji kompyuta.
- Simu mbili halisi, moja mpya na moja ya zamani yenye kumbukumbu ndogo. Simu ya kuigiza ndani ya kompyuta haitakuonyesha jinsi mtetemo unavyomwamsha mtu chini ya mto.
- Watu 5 hadi 8 wa kukujaribia kwa siku 14. Kati yao awemo anayefanya kazi usiku, aliyevuka miaka 50, na mmoja ambaye malengo ya aina hii huwa yanamshinda. Usijaze marafiki zako wanaojua msimbo. Hao husamehe kila kitu.
- Jedwali lenye safu 5, ambalo tutalijaza hatua ya 3.
- Uamuzi kuhusu mapato. Kama pesa yako inatokana na matangazo yanayolipwa kwa kila mtazamo, mwongozo huu utagombana nawe kila hatua. Kama unauza kazi iliyofanyika, kwa ada au kwa malipo ya mara moja, mambo yatakwenda pamoja. Amua sasa, kwa sababu uamuzi huu hauwezi kubandikwa mwishoni.

Hatua ya 1: Andika kazi ya programu, na uandike inaishia wapi

Jaza sentensi hii: "Programu hii inamsaidia ___ kufanya ___, na kazi imeisha pale ___."

Kwa mfano wetu: "Programu hii inamsaidia mtu anayekaa kitini kutwa kutembea dakika 150 kwa wiki, na kazi ya siku imeisha matembezi yanapohifadhiwa." Dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki ndicho kiwango cha chini ambacho Shirika la Afya Duniani linampendekezea mtu mzima.

Kipande cha tatu cha sentensi ndicho wengi hukiruka, nacho ndicho kinachobeba kazi yote inayofuata. Programu isiyo na mahali pa kuishia itabaki kumshika mtu mkono hata alipokwisha kuaga.

Ukimaliza sentensi, chora njia nzima kwenye karatasi na uhesabu miguso. Kuanza matembezi kuwe mguso 1 baada ya kufungua. Kuhifadhi, mguso 1. Chochote kingine kinachosimama katikati, iwe pendekezo, tangazo au hongera ya sekunde nne yenye karatasi za rangi zinazopepea, kiandike pembeni. Tutakirudia hatua ya 5.

Kosa la kawaida: kuandika kazi kama "kumweka mtumiaji karibu na programu". Hilo ni hitaji lako, si lake.

Hatua ya 2: Chagua vipimo kabla ya kuandika msimbo

Timu hujenga kile inachopima. Ukipima dakika, utajenga mtego wa dakika hata kama hukukusudia. Tumia vipimo vitatu:

1. Kazi zilizokamilika. Katika kila mara 100 programu inapofunguliwa, ni mara ngapi mtu amepata alichofuata, yaani amehifadhi matembezi au ameona jumla yake ya wiki?
2. Jibu la thamani. Baada ya kazi kwisha, uliza: "Muda uliotumia hapa leo umekufaa?" Majibu yawe Ndiyo, Kiasi, Hapana. Usimuulize mtu mmoja zaidi ya mara 1 kwa siku 14, na usimuulize akiwa njiani anatembea.
3. Waliorudi wiki ya 4. Hesabu kwa wiki, kwa kuwa lengo lenyewe ni la wiki. Ukihesabu kwa siku, utajikuta unatengeneza sababu za kumvuta mtu siku aliyopanga kupumzika.

Dakika usizitupe, zifanye kengele ya tahadhari. Dakika zikipanda huku kazi zilizokamilika zimebaki pale pale, kuna kitu ndani ya programu kinawanasa watu. Kitafute.

Kama unadai kwamba programu yako inaboresha hali ya mtu, pima kwa chombo kilichokwisha kujaribiwa badala ya kubuni maswali yako. Kipo kipimo kifupi cha hali njema ya mtu kiitwacho WHO-5. Kina kauli 5 kuhusu wiki 2 zilizopita, kila kauli hupewa alama 0 hadi 5, jumla huzidishwa mara 4, na matokeo hukaa kati ya 0 na 100. Muulize mtu mwanzoni na baada ya wiki 8. Aliyepata 50 au chini yake mshauri kwa upole azungumze na mhudumu wa afya, basi. Programu yako haipimi ugonjwa, na alama hizo si za kuwekwa kwenye chati ya ushindani.

Hatua ya 3: Orodhesha kila arifa, kisha ukate

Chora jedwali la safu 5: arifa yenyewe, nani anaihitaji, nini kinaharibika isipofika, inaweza kungoja hadi lini, itatoka na mlio au kimya. Safu ya tatu ndiyo kisu. Kama jibu ni "hakuna kinachoharibika", arifa hiyo haistahili mlio, na mara nyingi haistahili kuwapo kabisa.

Hizi ni arifa 7 ambazo programu ya matembezi huanza nazo kwa kawaida, na hukumu ya kila moja:

- Kikumbusho cha saa aliyoichagua mtumiaji mwenyewe: kinabaki, na mlio.
- Muhtasari wa wiki: unabaki, kimya, mara 1.
- "Rafiki yako ametembea dakika 40": iingie ndani ya muhtasari wa wiki.
- "Rafiki amekupongeza": ionekane ndani ya programu tu, mtu akifungua kwa shughuli zake.
- "Umebakiza hatua 400 tu!": izimwe tangu mwanzo, anayeipenda ataiwasha.
- "Tumekukumbuka, umepotea wapi?": ifutwe. Programu haimkumbuki mtu, na mtu anajua hivyo. Mgonjwa aliyelala kitandani akiisoma, inamchoma.
- "Jaribu kipengele chetu kipya": ifutwe. Mweleze ndani, siku atakapofungua.

Kutoka 7 zimebaki 2. Kanuni ya kuanzia ni hii: arifa yenye mlio isizidi 1 kwa siku, na hiyo 1 iwe ile ambayo mtumiaji ameipanga kwa mkono wake.

Sasa maneno. Arifa njema humaliza kazi yake bila kumlazimisha mtu kufungua programu. Linganisha hizi mbili:

"Kuna habari kuhusu wiki yako! Gusa uone."

"Wiki hii: dakika 95 kati ya 150. Zimebaki siku 2."

Ya kwanza inaficha jibu ili uingie. Ya pili imekwisha kukupa, na ukitaka kuingia ni hiari yako. Andika zote kwa mtindo wa pili.

Kikumbusho kiwe na vitufe 3 pale pale kwenye arifa: "Nimetembea", "Baada ya saa 1", "Si leo". Anayegusa "Si leo" asiulizwe sababu. Na vikumbusho 5 mfululizo visipojibiwa, programu iulize mara 1 tu kama saa ibadilishwe, kisha inyamaze hadi mtu atakapoirudia mwenyewe. Kuendelea kumpigia mlio asiyejibu ni kumfundisha kupuuza arifa zako zote, hata ile atakayoihitaji kweli.

Hatua ya 4: Weka arifa kwenye mfumo wa simu bila kuharibu

Hapa ndipo makosa ya kiufundi huzaa usumbufu ambao hakuna aliyeukusudia.

Kwenye Android 8.0 na matoleo yaliyofuata, kila arifa lazima ipite kwenye chaneli, yaani kundi la arifa ambalo mtumiaji anaweza kulizima au kulinyamazisha peke yake. Fungua chaneli 2. Ya kwanza, "Vikumbusho nilivyopanga", ipe umuhimu wa kawaida, ambao una mlio. Ya pili, "Muhtasari wa wiki", ipe umuhimu wa chini, ambao hauna mlio. Umuhimu wa juu, ule unaochomoza arifa juu ya skrini mtu akiwa katikati ya jambo jingine, uache. Jihadhari: chaneli ikishaundwa, msimbo wako hauwezi kuibadilisha tabia yake, mamlaka yamehamia kwa mtumiaji. Ukikosea wakati wa majaribio, ondoa programu kwenye simu na uisakinishe upya. Wapo wanaounda chaneli mpya yenye jina lile lile ili kukwepa chaguo la mtumiaji aliyezima ya kwanza. Huo ni udanganyifu, usiufanye.

Kwenye iOS 15 na kuendelea zipo ngazi 4 za arifa. Muhtasari uweke ngazi ya chini kabisa, inayoitwa `passive` kwenye msimbo. Kikumbusho kiweke `active`. Ngazi ya tatu, `timeSensitive`, inaweza kupenya hata mtu alipowasha hali ya kutosumbuliwa. Matembezi hayastahili, kikumbusho cha dawa huenda kikastahili. Ya nne, `critical`, huhitaji kibali maalumu kutoka Apple.

Ruhusa ya kutuma arifa. Usiiombe mtu anapofungua programu kwa mara ya kwanza, kabla hajajua wewe ni nani. Iombe dakika ile anapochagua saa ya kikumbusho, maana hapo sababu anaiona kwa macho yake. Kwenye iOS kidirisha cha mfumo hutokea mara 1 tu. Kwenye Android 13 na kuendelea, mtu akikataa mara 2 hakitokei tena. Ombi la haraka haraka linaichoma nafasi ambayo huwezi kuirudisha isipokuwa mtu mwenyewe aende kwenye mipangilio ya simu.

Saa. Kikumbusho kipangwe ndani ya simu yenyewe, si kwenye seva, ili kifuate saa ya mahali mtu alipo. Kama ni lazima seva itume, hifadhi jina la ukanda wa saa linalotolewa na simu, si tofauti ya saa peke yake. Nchi zinazobadili saa kwa majira zitakuvurugia hesabu mara mbili kwa mwaka. Weka saa za kimya tangu mwanzo, 21:00 hadi 07:00, na umruhusu anayefanya kazi usiku azigeuze. Na kwa kiolesura cha Kiswahili kuna mtego wake: "saa 2" yaweza kuwa 08:00, 14:00 au 20:00, kutegemea anayesoma amezoea kuhesabu vipi. Andika "saa 2 asubuhi" na 08:00 pembeni yake, kila mahali, bila kukosa.

Muda wa kuishi wa ujumbe. Firebase, huduma ya Google ya kusukuma ujumbe kwenye simu, huuhifadhi hadi wiki 4 kama hukuipa kikomo. Mtu aliyezima simu siku 3 akiiwasha, vikumbusho vilivyokwisha kupitwa na wakati vinammiminikia kwa mkupuo. Weka kikomo cha sekunde 3,600 kwa kikumbusho, na uzipe arifa za aina moja ufunguo mmoja wa kukunjia ili mpya iifute ya zamani.

Hatua ya 5: Kila ukurasa uwe na mwisho unaoonekana

Ukurasa usio na mwisho ulibuniwa na Aza Raskin, mbunifu wa programu, mwaka 2006, na baadaye yeye mwenyewe amesema hadharani kwamba anajuta. Tatizo lake ni la kimaumbile: gazeti lina ukurasa wa mwisho, sahani ina kitako, lakini skrini inayojijaza yenyewe haimpi mtu mahali pa kusimama na kujiuliza kama anataka kuendelea.

Kwenye ukurasa wa marafiki fanya hivi:

1. Onyesha mambo ya siku 7 zilizopita, yasizidi 20, kwa mpangilio wa wakati. Usiyapange kwa hesabu ya kilichovuta macho zaidi.
2. Baada ya la 20 weka mstari na maneno: "Umeona yote ya wiki hii." Chini yake pabaki patupu.
3. Anayetaka ya zamani aguse kitufe cha "Wiki iliyopita". Huo mguso mmoja ndio nafasi ya kufikiri, usiuondoe kwa kisingizio cha urahisi.
4. Video yoyote isijianzishe yenyewe, na ikiisha isiite nyingine.
5. Ondoa tendo la kuvuta skrini chini ili kupata mapya. Halina tofauti na mkono wa mashine ya kamari: unavuta bila kujua utapata nini. B. F. Skinner, mwanasaikolojia wa Marekani, alionyesha katika maabara kwamba zawadi inayokuja bila ratiba inayotabirika ndiyo inayomfanya mnyama aendelee kubonyeza kwa muda mrefu zaidi. Ukurasa ujisasishe wenyewe unapofunguliwa, basi.

Sasa rudi kwenye orodha uliyoiweka pembeni hatua ya 1. Hongera yenye karatasi za rangi inaweza kubaki ikiwa haizidi sekunde 1 na haizuii kitufe chochote. Vingine vifute. Skrini ya mwisho baada ya kuhifadhi ionyeshe dakika za leo, jumla ya wiki na neno "Tayari". Usiweke "Tazama pia" hapo. Mtu amemaliza, mwache aende.

Hatua ya 6: Malengo yasiyomwadhibu mtu

Hapa programu za afya huumiza zaidi, kwa hiyo tulia nayo.

Lengo la kuanzia. Wabunifu wengi huandika hatua 10,000 kwa sababu wameikuta kila mahali. Namba hiyo ilitokana na jina la kipima hatua kilichouzwa Japani kuanzia mwaka 1965. Haikuwekwa na utafiti wa kitabibu. Mtu anayetembea hatua 3,000 kwa siku ukimwekea 10,000, umemwekea wiki nzima ya kushindwa. Pima siku 7 za kwanza bila lengo lolote, kisha pendekeza nyongeza ndogo, tuseme dakika 5 kwa siku juu ya alichozoea. Yeye ndiye wa kukubali au kubadilisha.

Mfululizo wa siku. Ndiyo, unaongeza kurudi. Lakini angalia anarudi kufanya nini. Fikiria mtu mwenye mfululizo wa siku 61 aliyeamka na homa. Hajali tena matembezi, anajali 61 isirudi kuwa 0. Atazunguka chumbani na simu mkononi akitetemeka, au atalala huku ameona miezi miwili imefutwa kwa siku moja ambayo hakuwa na uwezo nayo. Vyote viwili programu yako ndiyo imevifanya.

Badala yake:

- Hesabu kwa wiki. "Umefikia lengo katika wiki 7 kati ya 9" haibomoki kwa siku moja.
- Siku isiyotembewa ionekane tupu kwenye kalenda. Isiwe nyekundu, isiwe na alama ya mkasi wala moto uliozimika.
- Weka hali ya mapumziko isiyohitaji maelezo: mguso 1, siku ngapi, basi. Kwa siku hizo vikumbusho vinyamaze vyenyewe.
- Jumla iliyopatikana isishuke kamwe. Dakika alizotembea mtu alizitembea.
- Usiuze siku zilizopotea. Kumtengenezea mtu hofu kisha kumtoza ili aiondoe ni kosa, hata kama mauzo yatapanda.

Ushindani. Orodha ya kupanga watu kwa namba iwe ya kuingia kwa hiari, na ndani yake kila mtu apimwe dhidi ya lengo lake mwenyewe. Uzito wa mwili usiingie kwenye ukurasa wowote wa pamoja. Hili halina mjadala.

Hatua ya 7: Mwanga, maandishi, mwendo

Fupi, kwa kuwa vipimo vyake vinajulikana. Ukolezi (tofauti ya mwangaza) kati ya maandishi na mandharinyuma uwe angalau 4.5:1, na 3:1 kwa maandishi makubwa. Kitufe kisiwe kidogo kuliko 48 kwa 48 kwa vipimo vya Android, 44 kwa 44 kwa vya iOS. Ukubwa wa herufi ufuate mipangilio ya simu. Ujaribu kwa asilimia 200 uone nini kinakatika. Kitu kisimwekemweke zaidi ya mara 3 kwa sekunde 1, kwa sababu ya wenye kifafa. Simu ikisema mwenyewe anataka mwendo upunguzwe (kwenye wavuti ni `prefers-reduced-motion`), zima kupepea kote.

Mandhari ya giza ifuate mfumo wa simu. Lakini usidhani imemaliza habari ya usingizi. Chembe za jicho zinazoieleza saa ya mwili kwamba ni mchana huitikia zaidi mwanga wa buluu wa karibu nanomita 480, hivyo kupunguza mwanga jioni kuna maana. Ila mtu anayebishana na rafiki kuhusu nani ametembea zaidi saa 6 usiku hatasaidiwa na rangi ya skrini. Saa za kimya za hatua ya 4 zina uzito zaidi.

Kosa la kawaida: herufi nyembamba za kijivu juu ya nyeusi. Zinapendeza kwenye kompyuta ya mbunifu, nje juani hazisomeki.

Hatua ya 8: Mlango wa kutokea

Hesabu miguso ya kujiunga, kisha ya kujiondoa. Ya kujiondoa isizidi. Tangu 2022 Apple inazitaka programu zinazofungua akaunti zimruhusu mtu kuifuta ndani ya programu yenyewe. Fanya hivyo kwenye simu za aina zote.

Vitufe viwe na lugha ya heshima. "Ndiyo, nataka kikumbusho" na "Hapana, asante" vinatosha. Ukiandika "Hapana, sijali afya yangu", umemtukana mtu ili aguse kingine. Mbinu za namna hii Harry Brignull, mbunifu wa violesura, alizipa jina la miundo ya giza mwaka 2010, na sheria ya huduma za kidijitali ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2022 inayazuia majukwaa ya mtandaoni kuwahadaa watu kwa muundo wa kiolesura.

Data ya mahali iishi ndani ya simu. Njia ya matembezi huanzia mlangoni kwa mtu na kuishia hapo hapo, kwa hiyo anapoishiriki, kata mita 200 za mwanzo na za mwisho bila kusubiri akuombe. Mwaka 2018 ramani ya dunia ya mazoezi iliyochapishwa na kampuni moja ilifichua kambi za kijeshi, ingawa haikuwa na jina la mtu hata mmoja.

Hatua ya 9: Jaribu kwa siku 14, na nusu yake bila arifa

Siku 1 hadi 7 watu wako watumie programu kama ulivyoijenga. Siku 8 hadi 14 zima arifa zote kwao, na uwaambie umezizima. Kisha linganisha kazi zilizokamilika. Zikishuka kidogo, ni kawaida. Zikianguka hadi karibu sifuri, programu ilikuwa inaishi kwa kupiga kelele, na kasoro iko kwenye kazi yenyewe. Rudi hatua ya 1.

Siku ya mwisho mwombe kila mmoja mambo mawili. Kwanza, akuonyeshe takwimu za matumizi ambazo simu yake huhifadhi. Android na iOS zinazo tangu 2018, na humo utaona arifa zako zimekuwa ngapi bila kutegemea kumbukumbu ya mtu. Pili, muulize: "Ni lini ilikukera? Ulikuwa wapi, unafanya nini?" Usimuulize kama ameipenda. Atasema ndiyo.

Matatizo yanayotokea, na dawa yake

Kikumbusho kinachelewa. Tangu Android 6.0 simu iliyolala hukusanya kazi na kuzifanya kwa mafungu, na kazi za kujirudia haziwezi kuwekwa chini ya dakika 15. Kwa matembezi, acha hivyo hivyo. Kuchelewa dakika 15 hakumdhuru mtu na betri inapumua. Kwa dawa tumia kengele ya saa kamili, ambayo tangu Android 12 ina ruhusa yake ya pekee.

Kikumbusho kinatoka mara mbili. Seva na simu vyote vinapanga. Chagua kimoja, na kila kikumbusho kiwe na namba yake isiyobadilika ili kipya kikalie cha zamani.

Kikumbusho kimepotea baada ya simu kuzimwa. Kengele za Android hufutika simu inapozimwa. Zipange upya simu ikimaliza kuwaka.

Mtu anafungua programu mara 20 kwa siku na hafanyi lolote. Kuna namba inayobadilika kila wakati, mara nyingi hatua za leo, naye anaichungulia. Isasishe namba hiyo kila baada ya saa 1 tu, au iondoe skrini ya kwanza na ubakishe jumla ya wiki.

Waliorudi wamepungua tangu uondoe mfululizo. Kabla ya kuurudisha, tazama matembezi yaliyohifadhiwa. Kama hayajapungua, waliopotea ni wale waliokuwa wanaingia kulinda namba.

Watu wanasema programu "inanihukumu". Soma maneno yako yote kwa sauti mbele ya mtu aliyeshindwa wiki nzima. "Umeshindwa lengo" iwe "Dakika 40 wiki hii". Ondoa kila neno "tu" linalofuata namba yake.

Mwenye mradi anataka arifa zaidi. Usibishane kwa maneno. Gawa watumiaji wapya mafungu mawili kwa bahati nasibu, fungu moja lipate arifa anazozitaka, jingine zibaki 2, kwa wiki 4. Mletee namba tatu kwa kila fungu: waliozima chaneli, walioondoa programu, na matembezi yaliyohifadhiwa kwa mtu mmoja. Kufunguliwa kwa programu usikuweke kwenye ripoti hiyo. Kutapanda wiki ya kwanza na kuwahadaa nyote wawili.